Wabeba mifuko waliogeuka walimu: gofu, mwili na mlango uliofungwa

KITUKU, GOMA – Gofu si mchezo wa Kituku. Hapa vijana wanacheza mpira wa miguu juu ya changarawe ya volkano, na wenye nguvu wanaamka alfajiri kupakua magunia kwenye boti zenye kutoka Minova, Kalehe na Idjwi. Hata hivyo historia ya gofu katika Afrika inawahusu watu wa bandari kuliko wengi wanavyodhani. Waafrika wengi wa kwanza kuujua mchezo huo hawakuingia uwanjani kama wachezaji. Waliingia kama wabeba mizigo.

Kwa asiyeujua: mchezaji anapiga mpira mdogo mgumu kwa fimbo mpaka uingie ndani ya shimo. Uwanja kamili una mashimo 18, na mwenye kupiga mara chache ndiye mshindi. Kuuzunguka uwanja mzima ni mwendo wa karibu kilomita 8 hadi 10. Mchezaji anaruhusiwa fimbo 14, zote ndani ya mfuko mmoja mzito. Mwenye kuubeba mfuko huo anaitwa kedi.

Katika Kongo ya Wabelgiji, gofu haikuwa mchezo tu. Ilikuwa pia ukuta. Pale Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, wakoloni walitenganisha mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika kwa eneo waliloliita la katikati, lisilo na makazi. Ndani yake waliweka uwanja wa gofu, bustani ya wanyama na bustani ya mimea. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: walisema mbu wa malaria asiweze kuruka kutoka kwa Waafrika mpaka kwa Wazungu. Mchana mfanyakazi Mwafrika alivuka kwenda kazini, na usiku alitakiwa awe amerudi upande wake. Kule Lubumbashi, kartie inayoitwa Golf ingali na jina hilo mpaka leo, na watu wengi wenye kuishi humo hawajawahi kushika fimbo ya gofu.

Upande wa Waingereza hali ilifanana. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa 1906, na ile ya Muthaiga ikafuata kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Kwa miaka mingi uanachama ulikuwa wa Wazungu. Mwafrika alikata majani, alipika, alifungua mlango, au alibeba mfuko.

Lakini mbeba mfuko ana macho. Kazi ya kedi si kubeba tu. Anatakiwa kujua umbali uliobaki mpaka shimoni, upepo unatoka wapi, udongo unateremka upande gani, na ni fimbo ipi inafaa. Anamwona mchezaji akikosea mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, na mwisho anajua kosa liko wapi: miguu imesimama vibaya, au kichwa kimeinuka mapema. Hiyo ndiyo kazi ya kocha, ila kedi hakulipwa kama kocha.

Ndiyo maana wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya na Uganda walianza kwa kubeba mifuko. Dismas Indiza, mmoja wa Wakenya wenye kujulikana zaidi katika mchezo huu, alianza kama kedi huko Mumias, katika nchi ya miwa magharibi mwa Kenya. Mashindano ya Kenya Open yalianza 1967, na 1998 Mkenya Jacob Okello alifika mpaka kwenye mchezo wa ziada wa kuamua mshindi. Alishindwa na Ricardo González wa Argentina, lakini watu waliona kwamba mlango unaweza kusukumwa.

Nje ya Afrika Mashariki iko mifano miwili inayofaa kukumbukwa. Wa kwanza ni Papwa Sewgolum, Mhindi wa Durban, Afrika Kusini. Alikuwa kedi, hakwenda shule, na hakuna mwalimu aliyemwonyesha namna ya kushika fimbo. Aliishika kinyume na watu wote, mkono wa kushoto chini ya wa kulia. Kwa mshiko huo alishinda mashindano ya Uholanzi 1959, na tena 1960 na 1964. Mwaka 1963 alishinda mashindano ya Natal nyumbani kwao. Kwa sababu ya sheria za ubaguzi hakuruhusiwa kuingia ndani ya nyumba ya klabu, na kikombe akapewa nje, mvua ikinyesha. Baadaye serikali ilimzuia kushindana na Wazungu.

Wa pili ni Seve Ballesteros, mtoto wa kijiji cha Pedreña, pembeni ya bahari kaskazini mwa Uhispania. Kulikuwa na klabu pale, lakini mtoto kama yeye aliingia kama kedi tu. Alipata fimbo moja, akajifunza kupiga mpira kwenye mchanga wa ufukwe, na usiku aliingia uwanjani kwa siri. Mwaka 1978 alikuja Nairobi, akashinda Kenya Open. Mwaka uliofuata alishinda The Open ya Uingereza akiwa na miaka 22.

Na mwili? Katika nchi za baridi theluji inafunga viwanja, wachezaji wanakaa miezi bila kucheza, na kabla ya msimu kuanza kocha anaanza kuwarudisha mwili. Zamani wengi waliamini kwamba mazoezi ya kunyanyua vyuma yanaharibu upigaji. Gary Player wa Afrika Kusini, aliyezaliwa 1935, hakusikiliza. Alinyanyua vyuma, alikimbia, alichunga chakula chake, akashinda mashindano makubwa 9. La mwisho lilikuwa Masters ya 1978, naye ana miaka 42. Leo makocha wote wakubwa wanafundisha jambo alilolijua: nguvu ya kupiga haitoki mikononi. Inaanza chini ya miguu, inapanda kwenye nyonga, inapita kiunoni, ndipo inafika kwenye mikono.

Kijana mwenye kusukuma chukudu mlimani au kupandisha bidoni za maji kutoka ziwani anaielewa habari hiyo bila kuambiwa. Lakini kubeba peke yake si mazoezi, na kunaweza kuvunja mtu. Mambo ambayo makocha wanawafundisha wachezaji yanafaa pia bandarini: piga magoti unapoinua mzigo, usikunje mgongo, uweke mzigo karibu na mwili, badilisha bega, pasha viungo moto kabla ya kuanza, pumzika siku moja kwa juma ukiweza. Mifuko ya kisasa ya gofu ina mikanda miwili kwa sababu ule mkanda mmoja uliwaumiza watu bega na kiuno. Tena swali la kwanza la kocha mwema ni hili: umekula? Kwa familia zilizokimbia vita swali hilo si dogo. Mwili usio na chakula haujengwi na mazoezi, unamalizwa nayo.

Historia hii isichukuliwe kama sifa ya mateso. Makedi elfu na elfu walibeba mifuko mpaka uzee na hakuna aliyewauliza wanajua nini. Waliogeuka walimu ni wale waliopata nafasi ndogo: fimbo iliyotupwa, mchezaji aliyekubali kumsikiliza mbebaji wake, au ile desturi ya vilabu vingi duniani ya kuwaachia makedi uwanja siku moja kwa juma. Ujuzi walikuwa nao tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kufungua mlango.

Familia nyingi zilizofika Goma ziliacha shamba, mifugo na nyumba. Baba aliyejua kulima mteremko wa Masisi, mama aliyejua kuchagua mbegu, kijana aliyejua kusoma upepo wa ziwa, hawakuuacha ujuzi huo njiani. Leo wengi wao wanaonekana bandarini kama mikono ya kubeba tu. Anayewapa mzigo asubuhi angeweza, siku moja, kuwauliza pia wanaweza kufundisha nini.