Hawa Wanalipwa na Nani?

Miaka michache iliyopita dada mmoja wa kwetu, anayeishi katikati ya Uingereza, alinitumia picha ya barua kwa WhatsApp. Halmashauri ya mji wake ilikuwa imekataa kumfanyia tathmini mwanawe wa miaka saba, mwenye usonji, ili ijulikane anahitaji msaada gani shuleni. Barua yenyewe ilikuwa na adabu zote. Mwishoni ilisema mama ana miezi miwili ya kukata rufaa, na kama anataka ushauri wa bure apige namba fulani. Akaniuliza swali moja tu: "Kaka, hawa wa hii namba wanalipwa na nani?"

Nikatafuta. Wanalipwa na halmashauri hiyohiyo.

"Yaani kesi ya ngedere nimpelekee nyani?" akasema, akacheka kile kicheko cha mtu aliyechoka.

Sisi tuliokulia kwenye nchi za miradi tunalijua swali la mfadhili. Tumeona semina zenye posho, na mabango yenye nembo sita chini. Lakini nilidhani Uingereza, yenye mashirika ya hisani ya miaka nenda miaka rudi, wamelimaliza. Kumbe wapi. Nilipoanza kusoma historia ya elimu maalumu kule niligundua kwamba swali la dada lina umri wa miongo kadhaa, na limekuwa likipanda joto kila serikali inapotangaza mageuzi.

Hebu tuanze mwanzo. Sheria ya Elimu ya 1944 iliwapa watoto wa Uingereza haki ya kusoma hadi sekondari, ila iliacha mlango wa nyuma: halmashauri iliruhusiwa kutamka kwamba mtoto fulani "haelimishiki", na mtoto huyo akatoka mikononi mwa elimu. Mwaka 1946 mama mmoja, Judy Fryd, ambaye binti yake alikuwa na ulemavu wa akili, aliandika barua kwenye jarida la walezi wa watoto akiwaita wazazi wenzake. Wakaitika wengi. Kikazaliwa chama cha wazazi ambacho leo kinaitwa Mencap. Mwaka 1952 wazazi watatu na mfanyakazi mmoja wa ustawi wa jamii wakaanzisha chama cha watoto wenye mtindio wa ubongo, ambacho sasa ni Scope. Mwaka 1962 ikaja zamu ya wazazi wa watoto wenye usonji, miongoni mwao daktari Lorna Wing, na miaka mitatu baadaye chama chao kikafungua shule London.

Huo ndio mzizi, na ni muhimu tuukumbuke kabla hatujamlaumu mtu. Mashirika haya hayakuletwa na serikali. Yalianzishwa na wazazi waliofungiwa mlango na serikali. Sheria iliyofuta neno "haelimishiki" ilipitishwa mwaka 1970, robo karne baada ya barua ya Fryd, na kazi kubwa ya kuisukuma ilifanywa na watu wasiolipwa na mtu.

Mwaka 1978 kamati ya Mary Warnock ilitoa ripoti iliyobadilisha lugha yenyewe. Badala ya kuwapanga watoto kwa majina ya ulemavu, ilizungumzia mahitaji maalumu ya kielimu, na ikatenga sura nzima kuwahusu wazazi kama wabia. Sheria ya 1981 ikaleta hati ya kisheria kwa mtoto mwenye mahitaji makubwa: ikishaandikwa, halmashauri inalazimika kutoa kilichoandikwa humo. Ila humohumo kulikuwa na kasoro ambayo haijaondoka mpaka leo. Anayetathmini mahitaji ya mtoto, anayeandika hati na anayetafuta hela ya kuitekeleza ni mmoja, yaani halmashauri. Kila mstari anaouandika unamgharimu. Mwaka 2006 kamati ya elimu ya Bunge ilishauri kazi hizo zitenganishwe. Hazikutenganishwa.

Mzazi alihitaji mtu wa kusimama naye, na sheria ya 1993 ikampa baraza huru la rufaa. Lakini miaka hiyohiyo uhusiano wa serikali na mashirika ya hisani ulikuwa unabadilika. Halmashauri zilianza kununua huduma kwa mikataba badala ya kuziendesha zenyewe. Shirika lililozaliwa kudai shule sasa lilikuwa linaendesha shule, na ada za wanafunzi zinalipwa na halmashauri ileile. Shirika lililokuwa likiandika barua za malalamiko sasa lilikuwa linaandika maombi ya zabuni. Mwaka 1998 serikali na sekta hiyo walikubaliana kwa maandishi kwamba shirika lina haki ya kuikosoa serikali hata kama linapokea fedha zake. Ukiona jambo limehitaji kuandikwa, ujue lilikuwa na walakini.

Wazazi wenyewe nao wakaingizwa kwenye mfumo. Kuanzia mwaka 2008, chini ya mpango wa serikali ya Labour wa kuwasaidia watoto wenye ulemavu, majukwaa ya wazazi yalianza kupata ruzuku ya wizara ya elimu kupitia shirika la Contact, ambalo wakati huo likiitwa Contact a Family. Kwa miaka mingi kiasi kilikuwa pauni 15,000 kwa jukwaa kwa mwaka. Ni hela ya kukodi ukumbi, nauli, na labda mtu mmoja wa kujibu simu siku mbili kwa wiki. Si ya kumtajirisha mtu. Lakini ni ya kutosha kumfanya mtu aogope kuipoteza.

Halafu yakaja mageuzi makubwa ya 2014. Hati ya zamani ikafutwa, ukaingia mpango wa elimu, afya na huduma, maarufu kwa kifupi cha EHCP, unaoweza kumfuata kijana hadi miaka 25. Kuyatekeleza, wizara ilihitaji washirika. Council for Disabled Children, taasisi iliyoanza mwaka 1974, ikawa mshirika wa kimkakati wa wizara katika mageuzi hayo. Taasisi hiyohiyo ndiyo mwenyeji wa muungano wa mashirika unaoishawishi serikali kuhusu elimu maalumu. Nyumba moja, milango miwili: mmoja unaingiza mkataba, mwingine unatoa madai. Wenyewe wanasema wakiwa ndani wanasikilizwa mapema, kabla sheria haijagota. Na kweli, muswada wa mageuzi yale ulirekebishwa sana kabla ya kupita. Mzazi aliyeko nje ya chumba, hata hivyo, haoni kilichozuiwa. Anachokiona ni picha ya pamoja na waziri.

Mwaka 2016 serikali ya Conservative ilimwaga petroli. Mwezi Februari ilitangaza kwamba mikataba yote ya ruzuku iwe na kifungu cha kukataza fedha hizo kutumika kuishawishi serikali au Bunge. Mashirika yalipiga kelele, mwezi Aprili kifungu kikasitishwa, na mwisho wa mwaka kikawekwa kitu laini zaidi. Lakini wazazi walishasikia. Tangu hapo, shirika likinyamaza, hakuna anayejua kama limenyamaza kwa busara au kwa mkataba.

Na kunyamaza kulianza kuonekana kwa kulinganisha. Bristol, mwaka 2018, halmashauri ilipopunguza karibu pauni milioni 5 kwenye bajeti ya watoto hawa, waliokwenda Mahakama Kuu na kushinda ni wazazi. Mwaka 2019 familia tatu ziliishtaki serikali kuu yenyewe; zikashindwa, ila zilichangiwa na wazazi wenzao mtandaoni, pauni kumi kumi. Mwaka 2022, Bristol hiyohiyo, nyaraka zilizovuja zilionyesha kwamba maofisa wa halmashauri walikuwa wakikusanya maandishi ya mitandaoni ya wazazi waliokuwa na jukwaa la pale. Uhusiano ukavunjika, na jukwaa likapoteza ruzuku ya wizara. Hapo kila jukwaa nchini lilipata somo bila mwalimu kusema neno.

Mwaka uliofuata gazeti la Observer liliripoti kwamba mkataba wa wizara na kampuni ya ushauri ya Newton Europe ulitaja lengo la kupunguza mipango mipya ya EHCP kwa asilimia 20. Hiyo ni kampuni, si shirika la hisani. Lakini mzazi aliyekwishaona mkataba mmoja ukisema kitu ambacho hotuba haikusema, ataacha vipi kuuliza kuhusu mikataba mingine?

Sasa joto limepanda tena. Watoto na vijana wenye EHCP au hati ya zamani walikuwa kama 240,000 mwaka 2015. Januari 2025 wenye EHCP walikaribia 639,000. Halmashauri zina madeni makubwa ambayo serikali imeyaruhusu yakae nje ya vitabu. Labour, iliyorudi madarakani 2024, ilianza kuzungumzia mageuzi, na Novemba mwaka huo ilimteua Christine Lenehan, aliyeiongoza Council for Disabled Children kwa miaka mingi, kuwa mshauri wake wa mkakati. Kwa wizara, huyo ni mtu anayeijua kazi. Kwa wazazi wengi, ni uthibitisho wa wanachokisema siku zote: wale waliopaswa kukaa upande wetu wa meza wamehamia upande wa pili. Hofu yao ina jina. Wanaogopa EHCP ibaki kwa wachache tu, na rufaa ipotee pamoja nayo. Na rufaa ndiyo ngao: kwa miaka ya karibuni, katika kesi zinazofika hukumuni, wazazi wameshinda kwa zaidi ya asilimia 95.

Nimetafuta ushahidi kwamba mashirika haya yamehongwa, sikuupata. Na nadhani tukitafuta hongo tunatafuta mahali pasipo. Waswahili wanasema mkono mtupu haulambwi. Lakini hapa mkono una pauni 15,000 na wala haulambwi, unatazamwa tu kwa tahadhari. Fedha hainunui uongo. Inachonunua ni kimya cha siku mbili, tatu, katika wiki ambayo kusema kungesaidia.

Nililiona hilo kwa dada yangu. Nilimshauri apige ile namba hata hivyo, maana miezi miwili haisubiri mtu. Mshauri aliyepokea alikuwa mzuri kuliko tulivyotarajia. Alimweleza sheria kifungu kwa kifungu, akamwambia waziwazi kwamba halmashauri imekosea na akate rufaa, akamsaidia kujaza fomu. Dada akamuuliza, "Sasa mbona watoto wengi mnaowaona wamekataliwa kwa barua kama yangu, na nyie hamlisemi hadharani?" Yule mama upande wa pili akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hapo, mpenzi, siwezi kukusaidia."

Halmashauri ilisalimu amri wiki mbili kabla ya kusikilizwa. Tathmini ikafanyika, mpango ukaandikwa. Sijui kama nimlaumu mshauri yule. Bila yeye, mtoto angekuwa bado kona ya darasa, mikono masikioni. Pamoja naye, mtoto mmoja alipata, na barua ileile ikaendelea kutumwa kwa wengine.

Mwaka jana dada alijiunga na jukwaa la wazazi la mji wake. Wakamchagua mweka hazina. Siku akabidhiwe faili alinipigia, sauti ya chini kidogo.

"Kaka, humu kuna mkataba wa ruzuku. Kurasa kumi na nne. Natakiwa nisaini kufikia Ijumaa."

Nikamuuliza umesema nini.

"Nimewaambia nausoma kwanza. Wote. Halafu nataka ubandikwe kwenye mlango wa ukumbi, kila mzazi auone." Akanyamaza. "Unadhani watatukatia?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia anitumie picha, tuanze ukurasa wa kwanza.