Je, miwani huharibu macho?



Katika vijiji vyetu na hata mijini tunasikia mara kwa mara neno hili: «Usivae miwani, itakula macho yako. Ukianza leo, hutaweza kuiacha tena.» Wazazi wanawaambia watoto wao hivyo, na wazee wanaambiana hivyo wakikaa barazani.

Katekista mmoja mzee, jirani yetu, aliliamini neno hilo. Alipofika miaka 45 alianza kushika kitabu mbali na uso, kisha mbali zaidi, mpaka mkono wake ukawa mfupi. Mwishowe aliacha kusoma. Siku ya Dominika alitaja masomo kwa kichwa, na pengine alichanganya barua moja ya Mtume na nyingine. Watu walinyamaza kwa heshima. Sisi pia tulinyamaza, na hilo lilikuwa kosa letu. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuchunguza habari hii tangu mwanzo wake: miwani ilitoka wapi, nani waliiogopa, na je, hofu yao ilikuwa ya kweli?

Asili ya miwani

Mwarabu mmoja mwenye elimu kubwa, Ibn al-Haytham, aliandika huko Misri, kabla ya mwaka 1040, kitabu juu ya nuru na macho. Alifundisha kwamba tunaona kwa sababu nuru inatoka katika vitu na kuingia jichoni. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini, na wasomi wa Ulaya wakakisoma. Mmoja wao alikuwa Roger Bacon, Mfransisko wa Uingereza. Katika kazi aliyompelekea Papa Klementi IV mwaka 1267, alieleza kwamba kipande cha kioo chenye mgongo wa mviringo, kikiwekwa juu ya maandiko, hukuza herufi, na kwamba chombo hicho kinawafaa wazee.

Miwani yenyewe, vioo viwili vilivyoungwa ili vikae mbele ya macho, ilitokea Italia karibu na mwaka 1286. Tunajuaje? Tarehe 23 Februari 1306 Mdominiko Giordano da Pisa alihubiri katika mji wa Firenze. Aliwaambia watu kwamba ufundi wa kutengeneza miwani haujatimiza hata miaka 20, na kwamba yeye mwenyewe alimwona mtu yule wa kwanza na kuzungumza naye. Jina la mtu huyo hakulitaja, na mpaka leo halijulikani.

Lakini jina la ndugu mwingine lilibaki: Alessandro della Spina, Mdominiko wa Pisa, aliyekufa mwaka 1313. Kitabu cha habari za konventi yake kinasema kwamba mtu wa kwanza hakutaka kuwafunulia wengine ufundi wake. Basi ndugu Alessandro akatengeneza miwani yeye mwenyewe, akawagawia watu ujuzi huo kwa moyo wa furaha. Tangu hapo wanakili wa vitabu, ambao kazi yao ilikuwa ikikoma macho yao yalipochoka, waliweza kuandika miaka mingi zaidi.

Miwani ile ya kwanza ilikuwa na vioo vilivyotutumka katikati, vya kuwasaidia wazee kuona karibu. Vioo vilivyobonyea katikati, vya kuwasaidia wale wasioona mbali, vilikuja baadaye, katika miaka ya 1400. Mchoraji Raffaello alipomchora Papa Leo X, karibu na mwaka 1518, alimchora ameshika kioo cha namna hiyo mkononi.

Hofu ya waganga wa kale

Tusidhani kwamba hofu ya miwani ilianzia kwetu. Mwaka 1583 mganga wa macho Georg Bartisch, wa mji wa Dresden, alitoa kitabu kikubwa juu ya magonjwa ya macho. Humo aliwashauri watu wajiepushe na miwani na kutunza macho yao bila hiyo. Alikuwa mtu wa akili na fundi hodari, lakini wakati ule hakuna aliyejua jinsi kioo kinavyolisaidia jicho.

Aliyefungua fumbo hilo ni Johannes Kepler, mwaka 1604. Yeye mwenyewe alikuwa na macho dhaifu tangu utoto, kwa sababu ya ndui. Alieleza kwamba nuru inapita katika mboni, inakunjwa, kisha inachora sura ya vitu kwenye utando wa nyuma wa jicho, unaoitwa retina. Jicho likiwa refu kupita kiasi, sura inachorwa kabla ya kufika retina, na mtu haoni mbali. Kioo kilichobonyea kinaisogeza sura mpaka mahali pake. Hiyo ndiyo kazi yote ya miwani: kuikunja nuru kabla haijaingia jichoni. Miwani haisukumi jicho, hailivuti, wala haitii kitu ndani yake.

Mwaka 1864 mganga Mholanzi Frans Donders alitoa kitabu kilichoweka kazi hii juu ya msingi imara. Alionyesha kwamba kufifia kwa macho ya karibu ukubwani ni jambo la umri tu, linalowapata watu wote. Hata hivyo hofu haikufa. Mwaka 1920 mganga William Bates, wa New York, aliwaambia watu watupe miwani na kufanya mazoezi ya macho. Wengi walimfuata, lakini majaribio ya wataalamu hayakuthibitisha mafundisho yake.

Mbona macho huzidi kufifia?

Hapa msomaji atatuuliza: «Lakini ndugu yangu alianza na miwani ya nguvu ndogo, na sasa anavaa ya nguvu kubwa. Je, si miwani iliyomharibu?» Tumjibu kwa utaratibu.

Kwanza, mzee. Ndani ya jicho mna lenzi laini inayobadilika umbo tunapotazama karibu. Mwaka kwa mwaka lenzi hiyo inakuwa ngumu. Karibu na miaka 40 mtu anaanza kuona shida, na shida inaendelea mpaka karibu na miaka 60, avae miwani au asivae.

Pili, mtoto. Mtoto asiyeona mbali, jicho lake linazidi kurefuka wakati mwili wake unapokua. Huko Malesia wataalamu waliwachukua watoto 94. Wengine waliwapa miwani kamili, wengine miwani dhaifu kuliko walivyohitaji, wakidhani hiyo italipumzisha jicho. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002: baada ya miaka miwili, macho ya wale wenye miwani dhaifu yalikuwa yamezidi kuharibika kuliko ya wenzao.

Tatu, mazoea. Aliyeonja maji safi huona matope upesi. Mtu akiivua miwani, ukungu wa zamani unamwonekea kuwa mbaya zaidi, na kumbe ni ule ule.

Mtu anayewasha taa jioni, saa mbili baadaye ataona nje giza limezidi. Je, taa ndiyo iliyoleta usiku?

Faida na mipaka yake

Kukataa miwani ndiko kunakoleta hasara. Mtoto ambaye jicho lake moja lina kasoro na hakusaidiwa mapema, akili yake inazoea kuliacha jicho hilo. Akiwa mtu mzima, mara nyingi miwani haiwezi tena kulirudisha. Na kwa watu wazima, majaribio yaliyotangazwa mwaka 2018 yalifanyika kati ya wachumaji wa chai 751 huko Assam, Uhindi, wote wenye miaka 40 au zaidi. Waliopewa miwani ya karibu waliwazidi wenzao katika kazi ya kuchuma kwa karibu 22 kwa mia.

Lakini tuseme ukweli wote. Miwani isiyomfaa mtu inaleta maumivu ya kichwa; kwa hiyo tusiazimane wala tusinunue sokoni kwa kubahatisha kama tunaweza kupimwa. Tena miwani haiponyi ugonjwa. Mtoto wa jicho unatibiwa kwa kupasuliwa. Upofu unaoletwa na nzi wadogo weusi wa mito, ambao mganga Mbelgiji Jean Hissette aliuandikia mwaka 1932 baada ya kuwachunguza wagonjwa wa Kongo, unazuiwa kwa dawa ya ivermectin. Mwenye maumivu, au anayepotewa na nuru ghafula, asitafute miwani: aende hospitali upesi. Na watoto tuwaache wacheze nje mchana. Huko Guangzhou, China, wanafunzi waliongezewa dakika 40 nje kila siku ya masomo. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba baada ya miaka mitatu waliopata shida ya kutoona mbali walikuwa 30 kwa mia, na katika shule nyingine karibu 40 kwa mia.

Mwisho

Yule katekista mzee sasa ana miwani. Alikubali akiwa na miaka 52, baada ya mjukuu wake kumwomba amsomee barua. Siku ya kwanza alifungua kitabu cha masomo, akasoma ukurasa mmoja kimya, kisha akatuambia: «Miaka saba niliwalisha watu kwa kumbukumbu.» Hatukuwa na la kumjibu.

Ndugu wazazi, ndugu walimu, mtoto akikunja uso mbele ya ubao, tusimwite mvivu kabla ya kumpima macho. Na mzee akisogeza kitabu mbali, tusinyamaze kama sisi tulivyonyamaza. Ndugu Alessandro hakuuficha ufundi ule; nasi tusiufiche ukweli wake.