Bazalti na jiwe jeusi la Pwani

Bazalti ni mwamba mweusi wa volkano unaotokea pale lava inapopoa haraka, kiasi kwamba chembe zake nyingi hazionekani kwa macho. Silika yake ni kati ya asilimia 45 na 52. Madini yake makuu ni plajioklesi na piroksini. Mara nyingi yapo pia olivini ya kijani na magnetiti, ambayo huvutwa na sumaku.

Utajiri wa machimbo ya bazalti umo katika matundu yaliyoachwa na gesi. Maji hupenya humo na kuacha kalsiti na zeoliti; zeoliti hutumika kulainisha maji. Karibu na Pune, India, baruti za wavunja kokoto zimefichua stilbiti, apofiliti na kavansiti ya buluu, ambayo ni adimu sana duniani.

Huku Mkoa wa Pwani, Tanzania, Kiwangwa, kata ya mananasi wilayani Bagamoyo, haina bazalti ya namna hiyo. Imekaa juu ya mchanga na miamba mashapo. Bazalti ya Tanzania iko zaidi kaskazini, Kilimanjaro na Arusha. Shira, kilele kikongwe cha Kilimanjaro, kilianza kulipuka miaka milioni 2.5 hivi iliyopita. Huko Lashaine, Monduli, volkano ilipandisha vipande vya mwamba kutoka chini ya gamba la dunia, vyenye olivini na ganeti.

Kokoto nyingi za Pwani huvunjwa magharibi ya Kiwangwa, upande wa Lugoba na Msolwa. Hapo ndipo ulipo Ukanda wa Msumbiji, uliopewa jina hilo na Arthur Holmes mwaka 1951, na ambao miamba yake mingi iligeuzwa kwa joto na mgandamizo miaka milioni 640 hivi iliyopita. Jiwe jeusi la ukanda huu lisiitwe bazalti kwa rangi tu. Lakini undugu unaweza kuwepo: bazalti ikizikwa, piroksini yake hugeuka honiblendi, na kina kikizidi huota ganeti nyekundu.

Kuyatofautisha mawe haya mawili si kazi ngumu. Jiwe lililogeuzwa huwa na mistari na chembe zinazometa; bazalti ni ya rangi moja, pengine yenye matundu. Mnunuzi wa kokoto atazame hasa ulanga: ukizidi, jiwe huvunjika bapa na zege hupungua nguvu.