Wafahamu Mafundi wa Matimba, Watu Wasiotajwa Kwenye Stori za Dhahabu ya Segese

Siku hizi ukiingia Instagram kila fundi wa mjini anafunga paneli ukutani. Sebule, saluni, studio ya muziki, kote ni jipsam, mbao za urembo na sponji za kuzuia sauti. Kuvalisha ukuta kwa ndani imekuwa fasheni na watu wanapiga hela. Sasa sikia: kule Segese, kwenye barabara ya kutoka Kahama kwenda Kakola, kuna watu wanafanya kazi hiyohiyo ya kuvalisha ukuta tangu zamani, ila ukuta wao ni wa shimo la dhahabu. Fundi wa mjini akikosea, paneli inabanduka na mteja anapiga simu kulalamika. Wa kule akikosea, watu wanafukiwa.

Mavazi ya ukuta huo yanaitwa matimba. Na anayeyaweka, mara nyingi hata jina lake halijulikani nje ya mgodi.

Kwa wasiopajua, Segese ipo Halmashauri ya Msalala, mkoa wa Shinyanga, ndani ya ule ukanda wa dhahabu unaotoka Kahama mpaka Geita. Shimo la mchimbaji mdogo huku linaitwa duara. Jina lisikudanganye, maduara mengi ni ya pembe nne kabisa, membamba kiasi kwamba watu wawili wakipishana ni lazima wagusane. Yanashuka futi mia, mengine mia mbili na zaidi. Juu kabisa kuna udongo laini, ndio unafuata mwamba. Mwamba unajishikilia wenyewe, walau kwa muda. Udongo laini haujishikilii. Hapo ndipo fundi wa matimba anapoitwa.

Kazi yenyewe ukiielezea inaonekana rahisi. Unachukua magogo manne, unayachonga mapengo kwenye ncha ili yaumane, unayalaza kama fremu inayozunguka kuta zote nne za shimo. Juu ya hiyo unaweka nyingine, na nyingine, mpaka shimo linakuwa kama boksi refu la miti lililozamishwa ardhini. Wachimbaji wanashuka na kupanda kwa kukanyaga magogo hayohayo, mguu huku, mguu kule, kichwani tochi. Kwa hiyo ni ukuta, na ni ngazi pia.

Ugumu upo pale ambapo macho hayafiki, yaani nyuma ya gogo. Kati ya mti na udongo hubaki nafasi, na fundi anayejua kazi hawezi kuiacha wazi. Anaishindilia kwa viroba vya udongo, vipande vya miti, nyasi, chochote kinachokaza. Ukiuacha uwazi, udongo utamomonyoka kidogokidogo kule nyuma bila mtu kuona, halafu siku moja unashuka wote kwa mkupuo na kulipiga gogo kama nyundo. Gogo linaloegemewa polepole linaweza kuvumilia uzito mkubwa mno, lakini likipigwa ghafla linavunjika. Ukipiga picha ya duara lililowekwa matimba vizuri na la ovyo, kwenye simu yako zitafanana tu.

Halafu mti una tabia moja ambayo chuma hakina. Ukizidiwa unalia. Unatoa mlio wa kukwaruza, unapasuka nyuzi moja moja kabla ya kukatika wote. Wachimbaji wa nchi nyingi duniani walipenda miti kwa sababu hiyo, kwamba inakupa nafasi ya kukimbia. Mchimbaji mzoefu akisikia matimba yanalia, anatoka kwanza, maswali baadaye. Kijana aliyefika juzi anadhani ni kelele tu za shimoni.

Hii kitu haikuanzia Msalala. Neno lenyewe linajieleza, matimba ni "timber" ya Kiingereza iliyovaa Kiswahili. Migodi ya kikoloni ilikuja na maneno yake na kazi zake. Sekenke, kule Iramba, Wajerumani walifungua mgodi wa dhahabu mwaka 1909. Geita mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ulifanya kazi kuanzia 1936 mpaka ulipofungwa 1966. Vitabu vya historia vinataja makampuni na wakia za dhahabu zilizotoka. Waafrika waliokuwa wakibeba magogo na kuyapanga kule chini wanatajwa kama "nguvukazi", basi.

Ulaya ndio walikuwa mbali zaidi. Mwaka 1556 kilitoka kitabu cha Georgius Agricola kuhusu uchimbaji, kina michoro ya mashimo yaliyovalishwa miti, na ukimwonyesha mtu wa Segese leo ataitambua kazi bila kujua hata neno moja la Kilatini. Mwaka 1860 huko Nevada, Marekani, injinia Mjerumani Philipp Deidesheimer alibuni namna ya kupanga miti kwa maboksi yanayoungana pande zote ili mgodi mpana usianguke. Inasemwa hakuchukua hata hatimiliki ya ubunifu wake, lakini jina lake limebaki mpaka leo. Wa kwetu, waliolisha familia kwa ufundi wa namna hiyohiyo, hakuna hata mmoja aliyeandikwa.

Turudi nyumbani. Katikati ya miaka ya 1970 dhahabu ilionekana Bulyanhulu, jirani tu na Segese. Watu wakamiminika kutoka kila kona. Wakulima wa pamba na wachunga ng'ombe wakageuka wachimbaji, na eneo likatobolewa maduara. Agosti 1996 wachimbaji wadogo wakaondolewa pale kupisha kampuni ya kigeni, mashimo yakafukiwa. Kama kulikuwa na watu ndani au hapana, ni mabishano ya miaka mingi. Wachimbaji na wanaharakati walisema walikuwepo, serikali na kampuni zikakanusha. Mgodi mkubwa ukafunguliwa 2001, na migodi ya aina hiyo hushikilia kuta zake kwa boliti ndefu za chuma, wavu na zege la kupuliza kwa mashine. Kuta mbili tofauti kabisa, kwenye dhahabu ya ukanda mmoja.

Sasa tuongelee hela, maana hapa ndipo penye shida yenyewe.

Kwenye maduara mengi hakuna mshahara. Kuna mgao. Mawe yakitoka yanagawanywa kwa mifuko: mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara lake, wachimbaji lao. Lakini kabla ya kugawana, gharama zinatolewa kwanza. Chakula, kamba, mafuta ya pampu, na matimba. Umeona mtego ulipo? Kila gogo linaloshuka shimoni linapunguza mfuko wa mtu aliye shimoni. Fundi akisema hapa panahitaji fremu kumi zaidi, anayenuna sio mwenye duara peke yake. Hata mshikaji ambaye fremu hizo zinamlinda kichwa chake ananuna. Mwezi wa tatu hajatuma hela nyumbani, ada ya mtoto inadaiwa, na dhahabu wanahisi ipo futi chache tu chini. Basi wanasema tushuke kwanza, matimba tutaongeza tukipata.

Na miti yenyewe haipatikani kama zamani. Miombo ya Kahama imeliwa na mkaa, mashamba, tumbaku na migodi. Kuvuna na kusafirisha magogo kunataka vibali, na mti mgumu una bei. Kwa hiyo mti mwembamba au mbichi unaingia kazini, au magogo yanang'olewa kwenye duara lililoachwa na kupelekwa jipya. Mti uliokaa kwenye unyevu umeshaoza kwa ndani hata kama ganda linang'aa. Na duara lililovuliwa matimba yake linaweza kuporomoka na kuondoka na ukuta wa duara la jirani, maana mengi yamechimbwa karibu karibu mno.

Mvua ikishanyesha, hesabu inabadilika kabisa. Ukuta wa udongo uliosimama wima kiangazi chote ukinywa maji unakuwa mzito na mlegevu kwa wakati mmoja. Aprili 2015, baada ya mvua kubwa, ardhi iliporomoka kwenye machimbo ya Kalole, kata ya Lunguya, hukohuko Kahama. Watu 19 walikufa.

Mwaka huohuo, tarehe 5 Oktoba, ikawa zamu ya Nyangalata, nayo ni Kahama. Wanaume sita walinaswa chini. Siku zikapita, watu wakakata tamaa, wengine wakaanza kuwahesabu kama marehemu. Tarehe 15 Novemba watano wakatolewa wakiwa hai. Siku 41! Mmoja alifia kulekule. Waliobaki walisema walikula mende na vyura, wakanywa maji machafu yaliyokuwa yakichuruzika kutoka juu.

Kwa wapenda muvi, angalia hii. Tarehe 13 Novemba 2015, siku mbili tu kabla ya wale watano kutoka, sinema za Marekani zilianza kuonyesha The 33, muvi ya Antonio Banderas kuhusu wachimbaji 33 wa Chile waliokaa chini siku 69 mwaka 2010. Dunia ilikuwa inalipa kiingilio kutazama stori ambayo Msalala ilikuwa inatokea kweli, bila kamera hata moja kule chini. Watu wa Chile walikuwa wengi zaidi na walikaa zaidi, sawa. Lakini wale walikutwa wakiwa hai siku ya 17, wakapelekewa chakula kwa bomba mpaka walipotolewa. Wa Nyangalata hawakuwa na bomba.

Jumamosi ya tarehe 13 Januari 2024, machimbo ya Ng'alita wilayani Bariadi, mkoa jirani wa Simiyu, yakaporomoka. Wakafa 22. Walikuwa vijana wa miaka 24 mpaka 38, na eneo lilikuwa limewekewa zuio kwa sababu ya mvua. Mitandaoni comment nyingi zilikuwa za aina moja: "Si walikatazwa?" Ni kweli walikatazwa. Lakini anayeandika hivyo akiwa kitandani hajui hesabu ya mfuko na fremu kumi.

Halafu ikaja Agosti 2025. Tarehe 11, kwenye machimbo ya Nyandolwa, wilaya ya Shinyanga, ardhi ilititia na kufukia watu 25. Waokoaji walichimba siku baada ya siku, ndugu wakikaa pembeni wakisubiri jina lisomwe. Habari zilisambaa kwa kichwa kilekile cha kila mara, "wachimbaji wafukiwa". Wengi walipita bila kusoma mstari uliofuata, uliosema ajali ilitokea wakati wa ukarabati wa maduara. Siku ile watu walikuwa wameshuka kurekebisha mashimo.