Fedha Hii Imebeba Jina la Nani?

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kukipokea kitabu kikiwa kimekwisha kamilika, jina la mwandishi limekaa juu ya jalada. Kiwandani kinakochapwa hatufiki. Basi siku moja nilifika kiwandani. Si cha vitabu, bali cha vyombo vya fedha cha J.W. Evans, mtaa wa Albion, katika eneo la kale la masonara mjini Birmingham, Uingereza.

Kwa nje, bwana, huoni kitu: nyumba nne za matofali zilizoungana. Mambo yako ndani. Kiwanda kilianzishwa mwaka 1881, kikabaki mikononi mwa ukoo wa Evans hadi 2008, taasisi ya English Heritage ilipokinunua kisipotee. Mwaka 2011 kikafunguliwa kwa wageni. Kalibu za chuma zimejaa humo kwa maelfu. Katika kila moja fundi alichonga ua au jani kwa kinyume: panapoinuka kwenye kinara, kwenye kalibu pamezama. Bamba la fedha liliwekwa juu yake, nyundo nzito ikavutwa juu, ikaachiwa, pu! Kisha vipande vilikatwa kingo, vikaunganishwa kwa lehemu, vikasuguliwa. Kila hatua na mikono yake.

Nilikwenda kumtafuta sonara mmoja mwenye kipaji, kama tunavyomsaka mwandishi nyuma ya riwaya. Sikumkuta. Nilikuta kazi iliyogawanywa.

Sasa tukisome chombo chenyewe. Kwa desturi kiligongwa chapa: nanga ya ofisi ya kupima fedha ya Birmingham, iliyoanzishwa 1773; herufi ya mwaka; na herufi za jina la aliyekipeleka kupimwa, yaani mwenye mali. Aliyechonga kalibu hayumo. Aliyesugua hayumo.

Jambo hili si la Waingereza peke yao. Pembezoni mwa eneo hilohilo, mtaa wa Icknield, kilikuwako kiwanda cha sarafu cha Heaton. Rupia ya fedha ya Mombasa ya mwaka 1888, ya kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani yetu, ina herufi H ndogo. H ni Heaton. Tena mwenye kiwanda!

Atatokea mwenzangu aseme: uzuri wa kinara unajitosheleza, majina ya vibarua ya nini? Namjibu kwamba uzuri huo ulianzia gizani, ndani ya kalibu, kwa mkono uliofikiri kinyume ili sisi tuone sawasawa. Mhakiki asiyeuliza mkono huo ni wa nani amehakiki chapa, hajahakiki kazi.

Kiswahili chetu kina neno moja tu, fedha, kwa madini na kwa pesa. Pale Albion neno hilo lilinielemea. Waliofua fedha ya kwanza walilipwa kidogo ya pili, wakaondoka. Tunaloweza kufanya leo ni kuanza uhakiki wetu karakanani, kabla ya kufika kabatini.