Kitabu cha Padri Kayoya: Chapa ya Bujumbura na Chapa ya Nairobi

Mwaka 1968, Presses Lavigerie ya Bujumbura ilitoa kitabu cha padri kijana wa Kirundi, Michel Kayoya. Kiliitwa Sur les traces de mon père, yaani katika nyayo za baba yangu. Kiwanda hicho cha chapa kilibeba jina la Charles Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe huko Algiers mwaka 1868, karne nzima kabla ya kitabu hicho. Watu wake walifika Rumonge, kusini mwa Bujumbura ya leo, mwaka 1879. Mei 1881 wamisionari watatu wakauawa hapo. Wenzao walirudi baadaye, wakafungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera mwaka uliofuata, na kutokana na misheni hizo zikazuka shule na seminari zilizoipa Burundi waandishi wake wa mwanzo. Kayoya, mzaliwa wa 1934, ni tunda la shule hizo. Kama mapadri wote wa rika lake, alikisoma Kilatini kabla ya kufika altareni.

Kitabu chake ni cha wasia, na Kilatini ndicho kilichokuwa lugha ya vitabu vya kuwausia wafalme wa Ulaya. Egidio wa Roma aliandika De regimine principum kwa ajili ya mwana wa mfalme wa Ufaransa, katika karne ya 13. Hata Il Principe cha Machiavelli, kilichoandikwa kwa Kitaliano, kilienea kwa wasomi wa nchi nyingine kupitia Kilatini. Ukizipanga chapa zake mezani utaona jinsi kitabu kimoja kinavyobadilika bila mwandishi kuongeza neno. Antonio Blado alikichapa Roma mwaka 1532, miaka mitano baada ya mwandishi kufa. Pietro Perna akakitoa Basel kwa Kilatini mwaka 1560. Perna huyo huyo, mwaka 1580, akakiambatanisha na Vindiciae contra tyrannos, andiko linalotetea haki ya watu kumpinga mtawala dhalimu. Msomaji wa 1580 alifungua kitabu cha kumfundisha mfalme kutawala, akakuta nyuma yake hoja za kumzuia.

Kayoya hakuwa na mfalme wa kumwusia. Tarehe 28 Novemba 1966 Kapteni Michel Micombero alimwondoa Mfalme Ntare wa Tano na kutangaza jamhuri. Nchi ilikuwa na miaka sita tu ya uhuru kitabu kilipotoka, na Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyetarajiwa kuiongoza, alikwisha kuuawa Oktoba 1961. Basi nasaha zikaelekezwa kwingine, na ukurasa wa jina wa chapa ya Bujumbura unasema wazi zinamwendea nani. Chini ya jina kuu pana jina dogo: Jeunesse du Burundi à la découverte des valeurs. Vijana wa Burundi, wakizitafuta tunu zao. Ndio warithi wa kiti kilichobaki wazi.

Msomaji aliyelelewa na utenzi wa Mwana Kupona wa 1858 ataitambua jadi hii ya wasia, ila Kayoya ameigeuza. Kwa Mwana Kupona mzazi anamwambia binti yake. Kwa Kayoya mtoto aliyekwenda shule anarudi kuuliza baba yake, ambaye hakusoma, alikuwa anajua nini. Anaandika kwa mistari mifupi, nusu shairi nusu hoja. Anamweka baba mbele ya fedha ya mkoloni, mbele ya ubepari na ukomunisti, na hakubali kwamba kijana wa Burundi lazima achague kimojawapo kama kilivyoletwa. Naamini hakuna kitabu cha miaka ile, katika nchi za maziwa makuu, kilichomheshimu mzee wa kijijini kuliko hiki.

Mwisho wa Aprili 1972 uasi ulizuka upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, na serikali ikajibu kwa kuwaua Wahutu kwa maelfu kwa maelfu, waliosoma wakiwa wa kwanza kusakwa: walimu, wanafunzi, makarani, mapadri. Kayoya aliuawa Gitega tarehe 17 Mei. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Mwaka uliofuata East African Publishing House ya Nairobi ikakitoa kitabu chake kwa Kiingereza: My Father's Footprints. Mmoja wa waliokifasiri ni Aylward Shorter, naye akiwa Padri Mweupe, mtafiti aliyekuwa ameandika juu ya utemi wa Wakimbu wa Tanzania. Hapo linganisha ukurasa wa jina. Jina dogo limefupishwa, likawa A Search for Values. Vijana wa Burundi hawamo tena. Sababu ya kibiashara yawezekana: huenda Nairobi ilitaka wasomaji wa Kampala na Dar es Salaam pia. Lakini wengi wa vijana waliotajwa mwaka 1968 walikuwa wamelala kwenye makaburi ya halaiki, na mwandishi wao pamoja nao. Kwa hiyo chapa ya Bujumbura ni wasia wa mtu aliye hai kwa watu walio hai, na ya Nairobi inasomwa kama kumbukumbu. Majirani wa kitabu nao walibadilika: Nairobi ilikiweka kwenye orodha moja na Song of Lawino cha Okot p'Bitek, kilichotolewa na nyumba hiyo hiyo mwaka 1966, na mistari mifupi ya padri ikaingia katika mjadala mpana wa Afrika Mashariki.

Lawino alipewa Kiswahili na Paul Sozigwa mwaka 1975. Kayoya anastahili heshima hiyo hiyo, na mfasiri wake aanzie chapa ya 1968, jina dogo likiwa limerudishwa mahali pake. Na wewe wa mitaa ya Bujumbura, uwe wa Buyenzi, Bwiza au Ngagara, ukiikuta chapa hiyo ya Bujumbura kwenye sanduku la marehemu mzee, usiitupe kwa sababu jalada limechakaa. Ipeleke ikapigwe picha, kurasa zote, pamoja na ule wenye jina la mji na mwaka.