Bei ya Hisa na Njia ya Kampuni

Leo tutatazama jinsi bei ya hisa inavyoweza kuigeuza njia ya kampuni. Mfano wetu ni Netflix, kampuni ya Marekani inayoonyesha sinema kwa intaneti.

Kwanza, hisa ni nini? Fikirini watu 100 waliochanga fedha sawasawa wakanunua lori. Kila mmoja ana hisa moja. Mmoja akimwuzia jirani hisa yake, fedha huingia mfukoni mwake. Lori halipati hata senti. Basi, kwa nini wakuu wa kampuni huiangalia bei ya hisa kila siku? Kwa sababu kampuni ikitaka fedha za kujikuza, huweza kutoa hisa mpya na kuziuza. Bei ikiwa juu, hisa chache huleta fedha nyingi. Bei ikiwa chini, lazima itoe hisa nyingi, na fungu la kila mwenye hisa wa zamani hupungua.

Sasa tuingie katika historia. Netflix ilianzishwa California mwaka 1997 na Reed Hastings na Marc Randolph. Wakati huo iliwapelekea wateja sinema za DVD kwa posta. Mwezi wa Mei 2002 iliuza hisa kwa watu wote mara ya kwanza, kila hisa dola 15. Mwaka 2007 ikaanza kuonyesha sinema kwa intaneti. Watu wakaiamini, na ilipofika Julai 2011 hisa moja ilikaribia dola 300.

Mwezi huo huo kampuni ilitangaza kwamba anayetaka DVD na intaneti pamoja atalipa dola 16 kwa mwezi badala ya 10. Wateja wakakasirika. Katika miezi mitatu, wateja 800,000 wa Marekani waliondoka, na bei ya hisa ikaporomoka. Mwezi wa Novemba kampuni ilihitaji fedha, ikauza hisa mpya za dola milioni 200, kila moja dola 70. Haya, pigeni hesabu! Kwa dola 70 zilihitajika hisa zaidi ya milioni mbili na nusu. Kwa bei ya Julai, hisa zisizofika 700,000 zingetosha.

Baadaye bei ilipanda tena. Wanunuzi wa hisa walitazama zaidi idadi ya wateja kuliko faida, na kampuni ikafuata wateja. Januari 2016 ilifungua huduma katika nchi zaidi ya 130 kwa siku moja, Kenya na Tanzania zikiwamo. Ilikopa ili itengeneze sinema zake yenyewe, hata mwaka 2020 deni lake likapita dola bilioni 15.

Aprili 2022 ilitangaza kwamba imepoteza wateja 200,000 kati ya zaidi ya milioni 221. Hao hawafiki mmoja katika kila elfu. Lakini kesho yake hisa ilipoteza asilimia 35 ya bei yake, maana wanunuzi walikuwa wamelipia ukuaji wa kesho, nao sasa waliutilia shaka. Mwezi wa Mei na Juni, wafanyakazi wapatao 450 waliachishwa kazi. Novemba kampuni ikaleta huduma ya bei nafuu yenye matangazo ya biashara, jambo ililokuwa ikilikataa kwa miaka mingi. Tangu 2025 haitangazi tena idadi ya wateja kila miezi mitatu. Yataka ipimwe kwa mapato na faida.

Ndugu wanafunzi, bei ya hisa ni imani ya watu juu ya kesho. Imani hiyo yaweza kujenga, lakini yaweza pia kuondoka kwa usiku mmoja, na anayepoteza kazi huenda hakununua hisa hata moja. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi ukialikwa kununua hisa, uliza kwanza vimeundwa kwa faida au kwa deni.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Mtu akimwuzia mwenzake hisa, ni nani apataye fedha?
2. Kwa nini Netflix ilibadili njia yake mwaka 2022?
3. Katika chama chenu cha ushirika, mngependa kuhesabu wanachama au faida? Toeni sababu.